Injini Ikijaa Petroli

Mwezi wa Juni na Julai huku Matai kuna baridi kali. Ndiyo miezi ya kupukuchua mahindi. Asubuhi unafunga choki ya injini ya petroli, unavuta kamba. Haiwaki. Unavuta tena na tena. Mara unasikia harufu kali ya petroli. Hapo acha kuvuta. Petroli imejaa ndani na plagi imelowa. Plagi iliyolowa haitoi cheche nzuri.

Zima swichi. Funga koki ya petroli. Fungua choki ili hewa iingie. Wengi hufanya kinyume, na injini huzidi kulowa! Subiri dakika 15.

Kisha toa waya, fungua plagi, uifute kwa kitambaa safi. Usiikaushe kwa moto. Tundu likiwa wazi, vuta kamba mara tano au sita. Petroli itaruka nje, basi usiweke uso hapo. Sigara, jiko na watoto viwe mbali. Acha mvuke upotee.

Rudisha plagi, ukianza kuikaza kwa vidole. Rudisha waya, washa swichi, choki iwe wazi, vuta. Ikiwaka, fungua koki.

Plagi ikilowa tena upesi, tazama chujio cha hewa. Likiwa limeziba kwa vumbi la mahindi, lisafishe. Likiwa safi, huenda uchafu umeizuia sindano ya kabureta isifunge. Hiyo ni kazi ya fundi.

Injini ya dizeli ya mashine ya kusaga haina plagi ya cheche. Maelezo haya hayaihusu.