Hodhi Kubwa na Bomba Jembamba

Mtu aogaye kwa ndoo hana haja ya fundi. Lakini mwenye hodhi kubwa la kuogea, kama yale ya hospitali ambamo mgonjwa hulazwa ndani ya maji ya vuguvugu, aghalabu hupata taabu asiyoitazamia. Hodhi ni zuri, limepakwa rangi nyeupe, na bilula zake zang'aa. Afungua maji, angoja, angoja tena. Hata likijaa nusu, maji ya moto yaliyotangulia yamekwisha kupoa, maana chuma cha hodhi nacho hunywa joto, na mgonjwa yu pale kitini anatetemeka.

Basi watu wengi hudhani kwamba kosa ni la bilula. Hununua bilula kubwa ya shaba kwa fedha nyingi, wakaifunga, na maji hutoka vile vile kama kwanza. Bilula ni mlango tu. Mlango ukiwa mpana na njia iendayo mlangoni ikiwa nyembamba, watu hawatapita wengi kwa ajili ya mlango.

Jambo hili mtoto aweza kulijaribu mwenyewe. Na atwae vikonyo viwili vya majani ya mpapai, ambavyo vina uwazi ndani, kimoja kinene na kimoja chembamba, avikate viwe na urefu mmoja. Kisha atoboe kopo karibu na chini, atie kikonyo kimoja katika tundu, azibe pembeni kwa udongo, ajaze maji, na kuhesabu mpaka bakuli lijae. Halafu afanye vivyo hivyo kwa kikonyo cha pili, akiongeza maji daima ili kopo lisipungue. Ikiwa uwazi wa kile kinene una upana mara mbili ya uwazi wa chembamba, ataona kwamba maji yake hayakuzidi mara mbili tu, bali mara nne na zaidi.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, tundu likiongezeka upana mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne. Pili, maji yapitayo bombani husuguana na ukuta wa bomba, na msuguano huo huyachelewesha. Katika bomba jembamba karibu maji yote yako ukutani. Katika bomba pana maji mengi hupita katikati, mbali na ukuta. Kwa hiyo katika mabomba marefu ya nyumbani, upana ukiongezeka mara mbili, maji huongezeka kadiri ya mara tano na nusu.

Sasa tazama hesabu yake. Hodhi la kawaida la mtu mmoja huchukua lita 150 hivi, yaani madebe manane na kitu. Hodhi kubwa laweza kuchukua lita 400, nayo ni madebe 22. Fikiri kwamba bomba lenye tundu la nusu inchi, litokalo katika tangi la juu, laleta lita 10 kwa dakika moja. Hodhi lile kubwa litajaa kwa dakika 40. Likiondolewa bomba hilo na kutiwa la robo tatu ya inchi, tangi likiwa lile lile na urefu wa njia ule ule, litajaa kwa robo saa. Likitiwa la inchi moja, dakika saba zatosha. Lakini bomba hilo sharti liwe pana tangu tangini mpaka bilulani. Fundi mvivu huweka bomba la inchi moja chumbani, mahali panapoonekana, na kuliacha la nusu inchi lililofukiwa uani. Kazi yake hupendeza macho, na hodhi hujaa polepole kama zamani. Mapindo ya ghafula nayo huyazuia maji, na koki yenye tundu dogo huyazuia zaidi.

Warumi wa kale waliyajua haya, na wezi wao pia. Katika mwaka wa 97 mtu mmoja aliyeitwa Frontinus aliwekwa kuwa msimamizi wa maji ya mji wa Roma, naye akaandika kitabu juu ya kazi yake. Kila mtu aliyepewa ruhusa ya kuvuta maji nyumbani kwake aliwekewa kinywa cha shaba chenye kipimo maalum na mhuri. Frontinus alipokagua aliona vinywa vingine vimezidi kipimo cha ruhusa, na vingine havina mhuri kabisa. Tena aliona hila nyingine: kinywa cha kipimo sawasawa, lakini nyuma yake bomba pana kuliko lilivyostahili, ili maji yapite upesi. Sheria ya Warumi ilikataza jambo hilo katika futi 50 za kwanza. Kumbe hila ile ile iliyokuwa wizi mjini Roma, kwa mwenye tangi lake mwenyewe ni dawa.

Wengine husema, 'Afadhali kuliinua tangi.' Ni kweli kwamba maji yatokayo juu husukumwa kwa nguvu zaidi. Lakini Torricelli, Mwitalia aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka wa 1644 kwamba mbio za maji haziongezeki sawa na kimo. Ili maji yatoke tunduni kwa mbio mara mbili, kimo cha maji sharti kiwe mara nne. Aliye na tangi la futi 10 juu ya bilula itampasa kulipandisha mpaka futi 40, na huo ni mnara, si kazi ya siku moja. Kubadili bomba ni rahisi zaidi.

Maji ya moto yana shida yake. Hapa upana wa bomba hausaidii kitu ikiwa maji yenyewe hayapo. Maji ya baridi yakiwa na joto la digrii 25, na ya moto digrii 60, hodhi la lita 400 lahitaji lita 170 za maji ya moto ili joto lifike digrii 40. Chombo cha kupashia maji chenye lita 100 kitakwisha kabla hodhi halijafika mahali pake. Katika nyumba nyingi za mashambani za Afrika ya Mashariki watu walitumia pipa la galoni 44, ambalo huchukua lita 200, likalazwa juu ya tanuri ya matofali nyuma ya nyumba na kuwashiwa kuni. Pipa la namna hiyo latosha. Lakini pipa lililojaa haliwezi kutoa maji ila kwa kadiri linavyopokea: maji ya baridi huingia chini, nayo huyasukuma ya moto yatoke juu. Kwa hiyo hata bomba liletalo maji ya baridi pipani sharti liwe pana. Tena pawe na bomba la pumzi juu ya pipa, lililo wazi daima na lenye kupita kimo cha tangi, ili mvuke upate njia. Pipa lililozibwa juu ya moto laweza kupasuka na kuua watu.

Na mtu ajazaye hodhi kwa mabomba mapana na aanze kwa maji ya baridi, kisha ya moto. Mtoto akiteleza ndani ya maji ya moto matupu huungua kabla hajashikwa mkono. Bomba la kutolea maji yaliyozidi nalo lipanuliwe, kwa kuwa bilula iletayo lita 50 kwa dakika haimngojei aliyekwenda kutafuta sabuni.

Limebaki jambo moja, nalo limewaua watu wengi. Mafundi wa zamani walipenda kuingiza maji karibu na chini ya hodhi, ili yajae kimya kimya bila kutoa mvuke mwingi. Mpango huo wapendeza masikioni, lakini kinywa cha bomba hufunikwa na maji machafu ya mwogaji. Mtoto anyonyaye maji kwa kikonyo cha mpapai ajua yatakayofuata. Maji yakifungwa kule nje, au yakichotwa mengi katika vyumba vya chini, bomba la juu hubaki tupu na kuanza kufyonza. Yale machafu hurudi bombani, nayo hutoka katika bilula nyingine, mahali mtu anapojaza gilasi ya kunywa.

Katika mwaka wa 1933 watu wengi walikusanyika katika mji wa Chicago, Marekani, kwa ajili ya maonyesho makubwa. Wageni waliolala katika hoteli mbili waliugua kuhara damu kuletwako na vijidudu viitwavyo amiba. Waliougua walikuwa kama 1,400, na 98 wakafa. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi makwao, kila mtu na mji wake, hata waganga hawakutambua upesi ugonjwa ulikotoka. Wakaguzi walipofungua kuta waliona mabomba ya maji safi yameungana na ya machafu mahali pasipostahili, na vyombo ambavyo maji yake yangeweza kufyonzwa kurudi nyuma.

Kwa sababu hiyo kinywa cha bilula huwekwa juu ya ukingo wa hodhi, wala si juu ya maji tu, na kati yake na ukingo huachwa nafasi ya hewa isiyopungua mara mbili ya upana wa tundu. Tundu likiwa la inchi moja, nafasi ni inchi mbili. Maji huanguka kwa kishindo na kurusha matone, na mwenye nyumba apendaye kimya hunung'unika. Lakini yakisha kuanguka, hayana njia ya kupanda tena bombani.