Muziki Chomboni na Haki ya Masikio Mtoni

Jina la Hai Cinema lenyewe ni kumbukumbu ya burudani. Neno hai ni la Kiarabu na maana yake ni mtaa, na mtaa wetu umeitwa kwa jina la sinema. Si ajabu basi kwamba wakazi wake, wenyeji na wageni kutoka Uganda, Kenya na Kongo, hupenda kuteremka mtoni siku za mapumziko, wakapanda chombo na kusikiliza muziki. Rumba ya Kongo, ambayo mwaka 2021 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, hupendeza zaidi upepo wa Nili unapovuma usoni.

Katika miaka ya karibuni wenye vyombo wengi wameacha redio ndogo za mkononi na kufunga spika kubwa zenye amplifaya. Hatuandiki makala haya ili kuuzima muziki huo. Tunaandika ili kueleza jinsi mtambo mpya unavyoweza kuleta furaha bila kuleta ugomvi wala maafa.

Kwa nini sauti husafiri mbali juu ya maji

Wenye vyombo wengi hushangaa wanapolalamikiwa na watu walio mbali nao. "Sisi tulikuwa katikati ya mto," husema, nao husema kweli. Sababu ni ya kimaumbile. Uso wa maji yaliyotulia hauimezi sauti kama nyasi na udongo, huirudisha juu. Tena, jua likiisha kutua, hewa iliyo karibu na maji huwa baridi kuliko ile ya juu yake. Sauti huenda polepole zaidi katika hewa baridi, kwa hiyo mawimbi yake hupinda na kurejea chini badala ya kupotelea angani. Wimbo ambao mchana ungefifia njiani, usiku huvuka mto na kuingia dirishani kwa mama anayemlaza mtoto, au katika nyumba yenye msiba. Mwenye chombo hakukusudia kumuudhi mtu, lakini aliyefiwa hana njia ya kuijua nia yake; anachokijua ni kwamba watu wanacheza naye analia.

Kinachofichwa na sauti kubwa

Nahodha huongoza kwa macho na kwa masikio. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa kuona na wa kusikia wakati wote. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini hekima yake ni ya kila maji. Mlio mmoja mfupi wa honi maana yake chombo kinageukia kulia. Miwili, kinageukia kushoto. Mitano au zaidi ya haraka, ni onyo kwamba mwenzako haielewi nia yako. Milio hiyo haina faida kwa asiyeisikia.

Hapa Juba yapo mengi ya kusikilizwa. Majahazi ya mizigo yanayoelekea Bor na Malakal hayawezi kusimama ghafla. Mitumbwi inayovusha wakulima wa Gondokoro mara nyingi haina taa. Injini nayo husema: magugu maji yakijisokota kwenye panga zake, mlio hubadilika kabla injini haijazimika. Spika zikinguruma karibu na nahodha, onyo hilo hupotea, na mto haumsubiri mtu.

Ndugu zetu kutoka Uganda wanaikumbuka jioni ya tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe MV Templar kilipozama katika Ziwa Viktoria, upande wa Mukono. Watu zaidi ya 30 walifariki dunia. Chombo kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi, na huo ndio uliokuwa mzigo wa hatari. Lakini Rais Museveni, katika taarifa yake, alitaja pia muziki wa sauti ya juu, akieleza kwamba huenda abiria hawakuweza kuzisikia amri za mwenye kuongoza. Somo ni jepesi: muziki haukizamishi chombo, bali huweza kuifanya sauti ya wokovu isisikike.

Umeme na uzito

Amplifaya hula umeme. Ikivuta ampea 20 mfululizo injini ikiwa imezimwa, betri ya ampea-saa 100 itafika nusu kwa muda wa saa mbili na nusu. Betri ya kawaida ikishuka chini ya hapo huharibika upesi, na huenda isiwe na nguvu ya kuwasha injini. Chombo kisichowaka hubebwa na mkondo, pengine gizani. Kwa hiyo betri ya muziki iwe mbali na ile ya kuwashia injini. Fyuzi ifungwe karibu kabisa na betri, na nyaya ziwe nene za kutosha, kwani waya mwembamba hupata moto, na petroli iko hatua chache tu kutoka hapo.

Uzito nao una adabu yake. Spika nzito zikiwekwa juu ya paa, chombo huwa chepesi kulala ubavu abiria wanapohamia upande mmoja kucheza. Ziwekwe chini na zikazwe vizuri.

Namna bora ya kusikiliza

Spika mbili ndogo zilizoelekezwa kwa abiria huburudisha kuliko moja kubwa iliyoelekezwa ukingoni. Aliye karibu hupata wimbo safi, na aliye mbali hupata usingizi wake. Masikio ya abiria yenyewe yana kiasi chake: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na saa 4 tu ikifika desibeli 90. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa huwezi kuzungumza na jirani yako bila kupiga kelele, punguza.

Aidha, nahodha awe na swichi ya kuzima muziki karibu na mkono wake. Azime anapong'oa nanga ili maelezo ya jaketi za kuokolea yasikike, anapokaribia daraja, anapopishana na chombo kingine, na anapotia nanga. Jua likizama, sauti ishuke pamoja nalo.

Palipo na malalamiko

Tunamwomba anayeudhiwa asirushe jiwe wala tusi. Aanze kwa salamu, amweleze mwenye chombo hali ya nyumbani kwake. Isipofaa, amwendee mzee wa mtaa. Na hapo pia isipofaa, afike kituo cha polisi na kutaja saa na mahali. Mwenye chombo naye asimwone mlalamikaji kuwa adui wa furaha. Na askari anayefika mtoni ajitambulishe, aeleze sababu ya kufika kwake, kisha aombe sauti ipunguzwe kabla ya kutoa amri. Heshima ikitangulia, amri huwa haihitajiki mara nyingi.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Mto huu ni wa mvuvi, wa msafiri, wa mwenye arusi na wa mwenye msiba. Tuufurahie kwa kiasi, ili kila aliyepanda chombo arudi nyumbani, na aliyebaki nyumbani apate kulala.