Dakika Mbili za Sayansi Kabla ya Taarifa ya Habari

Mwaka 1977, Deborah Byrd wa kituo cha McDonald cha kuchunguzia nyota, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani, alianzisha huduma ya simu. Ukipiga, unasikia ujumbe uliorekodiwa unaokueleza kinachoonekana angani usiku huo. Mwaka uliofuata wazo hilo likaingia redioni kwa jina la StarDate: dakika mbili, kila siku ya Mungu, na mpaka leo kipindi kipo hewani. Sandy Wood peke yake alikisoma tangu 1991 hadi 2019.

Kimedumu kwa sababu hakijaribu kumfundisha mtu elimu ya nyota yote. Kinachukua jambo moja. Zuhura inaonekana magharibi jua likizama. Toka nje uitazame. Basi. Msikilizaji akitaka kuhakikisha, hahitaji kumwamini mtangazaji, macho anayo.

Redio zetu zinahitaji kipindi cha namna hiyo, na hakuna mtambo wa ajabu unaotakiwa. Kinachotakiwa ni mwandishi anayejua kukata. Dakika moja na nusu ya Kiswahili kilichosomwa bila kukimbizana haibebi zaidi ya maneno 180 hivi, na msikilizaji aliye ndani ya daladala au jikoni hana namna ya kurudi nyuma akasikilize tena. Kwa hiyo takwimu iwe moja, mbili zikizidi sana. Neno gumu lielezwe kwanza, ndipo litajwe. Salamu ndefu na muziki wa kufungulia usiokwisha, ugonjwa wa watangazaji wengi, vyote vipigwe panga.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho panga lisikiguse: jinsi matokeo yalivyopatikana. Chukua chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Majaribio yake makubwa yalihusisha watoto zaidi ya 4,800 katika nchi nne, vituo vya Bagamoyo na Kilifi vikiwemo. Takwimu iliyovuma ni asilimia 75. Ni ya kweli, ila ilitoka kwenye vituo vya Afrika Magharibi ambako malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa kabla msimu haujaanza, na inahusu mwaka mmoja baada ya dozi tatu. Bagamoyo na Kilifi, ambako mbu hawana likizo, kinga ilikuwa chini kidogo. Mtangazaji akisema tu kwamba chanjo inazuia malaria kwa asilimia 75, mama wa Bagamoyo amepewa takwimu ya watu wengine, na pengine ameshaanza kufikiria kukunja chandarua. Sentensi mbili zingetosha kuliweka sawa jambo hilo.

Masimulizi yenyewe hatujayakosa. Hebu sikia hili, kama lingesomwa hewani:

"Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyewatembelea. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya kisayansi. Je, ni kweli cha moto huganda kwanza? Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Wengine bado wanabisha. Kama una friji, jaribu."

Hapo kuna jina la kwetu, kuna shaka, na kuna kazi ya nyumbani. Mimi ningeipenda kuliko nusu saa ya profesa anayesoma karatasi yake.

Wala redio kufundisha si jambo geni Tanzania. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa. Vikundi vile sidhani kama vitarudi. Watu hawana tena jioni za namna hiyo. Dakika mbili wanazo.

Wahariri wa redio, za jamii hasa, ziwekeni dakika hizo kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wala msizifiche saa sita wakati watu wamelala. Na ninyi watafiti, mkichapisha matokeo, tumeni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye kituo kilicho jirani na mahali mlipofanyia kazi. Wazazi wa Bagamoyo na Kilifi waliokubali watoto wao wachomwe sindano ya majaribio wana haki ya kuyasikia matokeo kwenye redio yao.