Jenga Saraka ya Podikasti, Lakini Pesa Imfikie Mwenyewe

Mwenzetu mmoja ofisini husikiliza podikasti kila asubuhi kwenye matatu ya kutoka Rongai. Miezi michache iliyopita alipata kipindi cha hadithi za Kiswahili, akacheka hadi abiria wenzake wakamgeukia. Aliposhuka mjini akaamua kumtumia msimulizi shilingi 300 za chai. Nambari ya Till ilikuwa pale pale chini ya jina la kipindi. Akatuma, akaendelea na siku yake.

Wiki iliyofuata tulikuwa tukizungumza na msimulizi huyo kwa simu, na mwenzetu akamuuliza kama ile chai ilimfikia.

“Chai gani tena, dada yangu?” akajibu. “Mimi sina hata Till.”

Kilichotuuma zaidi ni kwamba saraka iliyoonyesha nambari hiyo tuliijenga sisi wenyewe. Tulikuwa watatu, jioni baada ya kazi, na nia yetu ilikuwa njema: kuweka podikasti za Kiswahili mahali pamoja ili zipatikane kwa urahisi. Hatukuiba pesa ya mtu. Ila tuliacha mlango wazi, na mjanja akapita.

Kwa hivyo leo tunakueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi saraka ya podikasti inavyojengwa, maana si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Pili, jinsi ya kuhakikisha shilingi ya msikilizaji inafika kwa aliyeshika kipaza sauti. Uwe mtengenezaji wa vipindi, mwanafunzi anayetafuta mradi, au msikilizaji tu mwenye simu na masikio, kuna kitu chako hapa.

Mlisho ni nini hasa?

Watu wengi hufikiri saraka ya podikasti ni ghala lililojaa sauti. Sivyo. Ni kama kitabu cha simu: kinakuambia fulani anapatikana wapi, lakini fulani mwenyewe hayumo ndani ya kitabu.

Sauti hukaa kwenye seva ambayo mwenye kipindi ameichagua. Seva hiyo hutoa faili moja ya maandishi inayoitwa mlisho, kwa lugha ya mafundi RSS. Ndani ya mlisho kuna jina la podikasti, maelezo yake, picha, lugha, na orodha ya vipindi. Kila kipindi kina kichwa, tarehe ya kutoka, kitambulisho chake cha kudumu, na lebo inayoandikwa “enclosure”. Lebo hiyo ndiyo moyo wa podikasti. Inabeba mambo matatu: anwani ya faili ya sauti, ukubwa wake kwa baiti, na aina ya faili.

Teknolojia hii si ya jana. RSS ilianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999. Baadaye kidogo Dave Winer akaongeza ile lebo ya kubebea sauti. Neno lenyewe “podcast” lilionekana kwenye gazeti la Guardian la Uingereza Februari 2004, katika makala ya Ben Hammersley, na Juni 2005 Apple wakaweka podikasti ndani ya iTunes. Hapa kwetu pesa kwa simu ilianza 2007, kwa hivyo mlisho wa sauti ni mkubwa wake kwa miaka michache.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hakuna bwana mmoja. Mwaka 2024 Google walipofunga programu yao ya Google Podcasts, vipindi havikupotea, kwa sababu havikuwa mali ya programu ile. Wasikilizaji waliweza kuchukua orodha yao katika faili ya OPML na kuhamia programu nyingine, kama mtu anayehama nyumba na daftari lake la nambari za simu. Tangu 2020 pia kuna Podcast Index, saraka ya wazi iliyoanzishwa na Adam Curry na Dave Jones, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kuanzia mradi wake bila malipo.

Twende kazi: hatua za kujenga

*Kusanya milisho, usikusanye sauti.* Anza na orodha ndogo unayoijua. Kwa kila podikasti tafuta anwani ya mlisho wake, uiweke kwenye jedwali. Usipakue sauti na kuiweka kwenye seva yako. Ukifanya hivyo unachukua kazi ya mtu bila ruhusa, na pia unamharibia hesabu, kwa sababu yeye hupima wasikilizaji kwa kuangalia mara ambazo faili yake imefunguliwa kwenye seva yake. Msikilizaji akibonyeza kwako, sauti itoke kwake.

*Andika programu fupi ya kusoma.* Lugha nyingi za programu, Python ikiwemo, zina maktaba tayari za kusoma RSS. Programu yako inafungua mlisho, inachukua kichwa, maelezo, tarehe na anwani ya sauti, kisha inahifadhi. Kitambulisho cha kipindi ndicho kinachokuambia kama kipindi ni kipya au umeshakiona. Usitegemee kichwa cha habari, kwani watu hubadilisha vichwa kila siku.

*Usibishe hodi ovyo.* Kuangalia milisho yote kila dakika ni kuwasumbua wenyewe na kumaliza data yako. Seva nyingi zinakuruhusu kuuliza hivi: “Kuna lolote jipya tangu nilipokuja mara ya mwisho?” Kama hakuna, seva inajibu kwa nambari 304 na haikutumii faili nzima. Sisi tulikuwa tukivuta kila kitu upya kila dakika kumi, hadi fundi mmoja akatuambia, “Nyinyi mnabisha hodi kama mnadaiwa.” Sasa tunaangalia mara moja kwa saa, na inatosha kabisa.

*Chunga lugha na saa.* Hapa ndipo tulipojifunza mengi. Mlisho una sehemu ya kutaja lugha, na alama ya Kiswahili ni “sw”. Mwenye kipindi asipoibadilisha wakati wa kujiandikisha, podikasti yake inaweza kubaki na alama ya Kiingereza, na mtu anayetafuta vipindi vya Kiswahili hatamwona kamwe. Tulikuta podikasti ya Kiswahili sanifu, cha Mombasa kabisa, imejiandikisha kama ya Kiingereza. Tulimwandikia mwenyewe, akarekebisha siku hiyo hiyo. Kikuyu kina alama yake pia, “ki”, na Dholuo ni “luo”. Sheng tuliiwekea lebo yetu wenyewe.

Saa nayo ina mambo yake. Tarehe katika mlisho inatakiwa kubeba tofauti ya saa, na ya Kenya ni +0300. Kipindi kikiandikwa kimetoka saa 6:00 kwa saa za Greenwich, huku mwenyewe alimaanisha saa kumi na mbili asubuhi Nairobi, saraka itadhani bado hakijatoka. Kitafichwa hadi saa tatu asubuhi, wakati watu wameshashuka kwenye matatu na kuingia kazini.

*Onyesha ukubwa wa faili.* Kumbuka ile lebo inabeba ukubwa. Saraka nyingi hazimwonyeshi msikilizaji, na kwa Mkenya anayenunua data ya siku hilo ni jambo kubwa. Kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban MB 14. Kikirekodiwa kwa 128 ni karibu MB 29. Kwa maneno ya mtu mmoja akizungumza, wengi hawatasikia tofauti yoyote, lakini data itaisikia. Weka ukubwa kando ya kitufe cha kusikiliza, mtu aamue mwenyewe kama anapakua sasa au anangoja Wi-Fi.

Pale tulipoteleza

Saraka yetu ilikuwa na fomu iliyoandikwa “Ongeza podikasti”. Yeyote angeweza kuweka anwani ya mlisho, na chini yake kulikuwa na nafasi ya nambari ya malipo. Tuliona tunawarahisishia watu.

Hapo ndipo shida ilipo. Mlisho ni wa hadharani. Anwani yake si siri, wala haikusudiwi kuwa siri. Mtu asiyemjua kabisa msimulizi alichukua anwani ya mlisho wake, akaiweka kwenye fomu, kisha akaandika Till yake mwenyewe. Kila kitu kingine kilikuwa cha kweli: picha, sauti, jina. Kitu kimoja tu kilikuwa cha uongo, na ndicho kilichopokea pesa.

Tulipogundua, tulifanya mambo matatu ambayo tungekushauri uyafanye kabla hujafungua mlango.

Kwanza, tuliondoa nafasi ya nambari ya malipo kwenye fomu. Sasa maelezo ya malipo yanatoka ndani ya mlisho wenyewe. Kuna lebo ya kisasa inayoandikwa “podcast:funding”, ambapo mwenye kipindi huweka kiungo cha ukurasa wa kumchangia. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye mwenye ufunguo wa mlisho wake, mpita njia hawezi kuandika chochote humo.

Pili, anayedai podikasti ni yake lazima athibitishe. Tunampa msimbo mfupi, auweke kwenye maelezo ya podikasti yake. Programu yetu inasoma mlisho. Ikiuona msimbo, basi huyo ndiye mwenyewe, na anaweza kuuondoa baadaye. Njia nyingine ni kutuma msimbo kwa barua pepe iliyomo ndani ya mlisho, lakini siku hizi wengi wameficha barua pepe zao kwa sababu ya ujumbe wa kero, kwa hivyo njia ya kwanza ndiyo tunayoipenda.

Tatu, podikasti ambayo haijathibitishwa bado inaonekana na kusikilizwa, ila haina kitufe chochote cha malipo. Msikilizaji hapotezi kipindi, na mjanja hapati kitu.

Jambo lingine la kukumbuka: ukianza kukusanya barua pepe na nambari za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Chukua unachohitaji tu, mweleze mtu unakitumia kwa nini, na usikipeleke kwingine.

Na wewe msikilizaji?

Tulimuuliza mwenzetu kama hakuona jina kabla ya kuingiza PIN. Aliliona. Lilikuwa jina la duka la vipuri. “Nilidhani labda ni la shemeji yake,” akasema, na wote tukacheka, ingawa hakukuwa na la kuchekesha. Sote tumewahi kufanya hivyo: jina linaonekana, halifanani, lakini kidole kimeshafika kwenye kitufe.

Kwa hivyo kabla hujamtumia mtengenezaji wa kipindi chochote:

- Sikiliza kipindi chenyewe. Wengi hutaja nambari yao kwa sauti yao mwanzoni au mwishoni, na hiyo ni vigumu kughushi kuliko maandishi.
- Linganisha nambari hiyo na ile iliyo kwenye ukurasa rasmi wa podikasti. Zikitofautiana, simama.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Likikushangaza, ghairi. Kughairi ni bure.
- Anza na kiasi kidogo, kisha muulize mwenyewe kama kimefika.
- Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Usingoje jioni, maana pesa ikishatolewa kurudishwa kwake ni kazi.
- Anayekupigia akidai anakurudishia pesa, kisha akakuomba PIN, ni mwizi. Sisi hatuombi PIN, leo wala kesho.

Nawe mtengenezaji, fanya kazi moja wiki hii. Fungua mlisho wako uusome kama mgeni. Je, lugha ni sahihi? Saa ni ya Nairobi? Kiungo cha kuchangia kipo, na kinakwenda kwako? Kisha tafuta jina la podikasti yako kwenye saraka mbalimbali uone kama kuna mtu amekuwekea nambari usiyoijua. Ukiipata, andikia saraka hiyo, na utujulishe sisi pia ili Till hiyo ichunguzwe.

Msimulizi wetu sasa ana Till yake, na jina linaloonekana ni la kipindi chake. Mwenzetu alimtumia tena zile shilingi 300. Dakika mbili baadaye akapokea ujumbe: “Dada, chai imefika. Bado ina moto.”