Basi la Ghorofa Lipasukalo Kabatini

Mtu aliyehifadhi kabatini basi dogo la kuchezea lililotengenezwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili huenda siku moja akafungua kabati na kulikuta limebadilika umbo. Halikuanguka wala halikuguswa. Hata hivyo rangi yake imefanya vipele, paa limepinda, na ubavuni mna nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Akilishika bila uangalifu, kipande hubaki mkononi. Basi jingine lililo kando yake, pengine la umri ule ule, li zima kabisa. Jambo hili limewatia hasara wakusanyaji wengi, na chanzo chake ni kidogo mno kuonekana kwa macho.

Mabasi ya namna hii hayachongwi wala hayafuliwi, bali husubiwa. Metali iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, hapo ikaganda mara moja. Metali yenyewe ni zinki iliyochanganywa na alumini kiasi cha asilimia 4, magnesiamu kidogo sana, na mara nyingine shaba. Mchanganyiko huu uliundwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani katika miaka ya 1920, ukaitwa Zamak kwa kufuata herufi za kwanza za majina ya Kijerumani ya metali hizo. Waingereza waliuita Mazak. Huyeyuka penye joto la nyuzi 385 hivi za Sentigredi, hali alumini peke yake hutaka nyuzi 660. Kwa hiyo kalibu haichakai upesi, na moja hutoa maelfu ya mabasi.

Hapa yafaa tutazame hesabu moja ambayo wakusanyaji huisahau. Basi jekundu la London liitwalo Routemaster, lililoanza kuchukua abiria tarehe 8 Februari 1956, lilikuwa na urefu wa meta 8.4 na uzito wa tani kama 7.5. Katika skeli ya 1 kwa 76 urefu huo huwa sentimita 11. Lakini uzito haupungui kama urefu upunguavyo. Hupungua kwa urefu, upana na kimo kwa pamoja, yaani hugawanywa kwa 76 mara tatu, na jibu ni gramu 17 tu! Bati la unene wa milimita 2 nalo lingekuwa na milimita 0.026, jembamba kushinda unywele, na hakuna kalibu iwezayo kusubu kitu hicho. Hivyo fundi hulazimika kuzifanya kuta ziwe nene, na basi likawa zito mara nyingi kuliko lipasavyo. Wakusanyaji huusifu uzito huo mkononi kuwa ni dalili ya uaminifu kwa basi la kweli. Kwa kweli ni kinyume chake.

Turudi kwenye nyufa. Magari ya kwanza ya Dinky, yaliyotolewa na kampuni ya Meccano ya Liverpool kuanzia mwishoni mwa mwaka 1933, yalisubiwa kwa risasi. Baadaye kiwanda kikahamia zinki. Basi lao la ghorofa lilitoka mwaka 1938. Mahali ambapo risasi na zinki huyeyushwa jirani, ni rahisi chembe za moja kuingia katika chungu cha nyingine, na mpaka wa usalama ni mdogo ajabu. Risasi isizidi asilimia 0.005, yaani gramu 5 katika kilo 100. Kipande cha gramu 50, kiasi cha kufichika ganjani, chatosha kuifikisha tani nzima kwenye mpaka huo.

Sababu ni kwamba risasi haikai ndani ya fuwele za zinki. Metali inapoganda, risasi husukumwa nje na kujikusanya mipakani, pale fuwele moja inapopakana na nyingine. Unyevu wa hewa hupenya kwa njia hizo, metali ikageuka oksidi, na oksidi hudai nafasi kubwa kuliko metali iliyoizaa. Basi huvimba kutoka ndani, kisha hupasuka. Joto na unyevunyevu, kama ule wa mwambao wetu, huharakisha mambo.

Baada ya vita viwanda viliangalia zaidi usafi wa zinki, ambayo kwa kazi hii hutakiwa iwe ya asilimia 99.99. Basi la London la mfululizo wa Matchbox, lililotolewa na kampuni ya Lesney mwaka 1954 likiwa na urefu wa sentimita 5 hivi, aghalabu li zima hadi leo, ingawa Lesney yenyewe ilifilisika mwaka 1982.

Wako wanaoyatenga mabasi yenye nyufa kwa kuogopa yasiyaambukize mengine. Hofu hiyo haina msingi, kwa maana kilichomo katika metali hakiruki. Dawa nayo haipo. Gundi hushika vipande, haizuii uvimbe. Lililo salio ni kuliweka basi mahali pakavu pasipo joto. Na anayekusudia kununua basi la mwaka 1938 kwa bei kubwa na aligeuze kwanza, atazame upande wa ndani penye mwanga mzuri, kisha aupime urefu wake kwa rula: lililokwisha kuvimba huwa limerefuka.