Watoto wa Nyanza-Lac na mti unaoleta uyoga

Mtoto wa Nyanza-Lac hahitaji kufundishwa mchikichi. Madumu ya mawese anayaona sokoni tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mti anaohitaji kufundishwa ni myombo, mti wa asili wa vilima vinavyopanda kutoka ziwani, ambao watoto wengi huujua kama gunia la makaa tu.

Masalia ya misitu ya myombo nchini Burundi yako zaidi kusini, zikiwemo hifadhi za Rumonge na Vyanda, yenye sokwe. Ni ncha ya ukanda mrefu unaopita Kigoma na Katavi hadi Zambia na Msumbiji. Asali ya Tabora inayosifiwa hutoka kwa miti ya ukoo huu.

Somo hulishika haraka mtoto anayetolewa darasani. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, majani machanga huchipua mekundu. Maganda yakikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu. Gome hutoa kamba.

Lakini mali kubwa iko ardhini. Mizizi ya myombo huishi pamoja na kuvu: kuvu huuletea mti maji na chakula cha udongo, mti huilipa kwa sukari. Mvua ikinyesha, kuvu hao hutoa uyoga. Mtaalamu Bart Buyck aliandika kitabu mwaka 1994 juu ya uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi, akakiita *Ubwoba*, jina la uyoga kwa Kirundi. Maandishi hayohayo husomeka pia "hofu", na si vibaya, maana uyoga mwingine huua. Hapo kitabu hakitoshi. Bibi anayejua kuchagua ndiye mwalimu.

Hesabu yake mfanyabiashara ataielewa. Makaa huuzwa mara moja. Uyoga hurudi kila masika, na mti ukikatwa haurudi, kwa sababu uyoga huu haupandwi shambani kama muhogo.

Ng'ambo ya mpaka, mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umeunganisha miti na elimu vijijini Kigoma tangu 1994. Jambo moja linafaa shule za upande huu pia: kisiki cha myombo huchipua chenyewe kikilindwa na moto. Wanaotaka kitalu wachanganye udongo uliochotwa chini ya mti mkubwa, wenye kuvu ndani yake. Bila huo mche hukua kwa shida.