Safari ya Disemba: Gari Likiwa Nyumba ya Mtoto

 

Leo tunazungumzia safari. Shule zikifungwa mwezi wa Disemba, Nakuru huanza kuhama. Steji za magari ya Kisumu, Kakamega, Busia na Kisii hujaa mifuko, magodoro na watoto waliovaa nguo mpya. Wengine hujiunga familia mbili au tatu, wakakodi gari lao na kusafiri usiku wakilala humo humo. Kwa saa sita, saa nane, au hata usiku kucha barabara ikifungana, gari hilo ndiyo nyumba ya mtoto wako. Humo ndimo anakula, analala, anatapika na kubadilishwa nepi. Kwa hiyo tuliangalie kama tunavyoangalia nyumba. Baadaye nitawaeleza kuhusu ugonjwa ambao mtoto wa Nakuru huuchukua huko aendako, na ambao hujitokeza wakati mama ameshasahau kwamba alisafiri.

Tuanze na mahali pa kukaa. Tangu sheria za Michuki za mwaka 2004, matatu inatakiwa kuwa na mshipi kwa kila kiti. Mama aliyempakata mtoto hufunga mshipi kiunoni mwake mwenyewe, halafu anamshika mtoto juu ya mshipi. Usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mshipi mmoja, kwa sababu gari likigonga, uzito wako wote humbana mtoto kwenye mshipi ule. Mtoto anayeweza kukaa peke yake mlipie kiti. Najua nauli ya Krismasi inauma. Lakini yule mtoto wa miaka minne anayesimama katikati ya magoti ya watu hana cha kumshikilia. Mwenye gari lake binafsi, mtoto akae nyuma, katika kiti cha watoto kama mnacho, asikae mbele kamwe.

Safiri mchana ukiweza. Barabara ya kutoka Salgaa kupanda hadi Mau Summit mnaijua, na mnajua malori yanavyoteremka pale. Na lori la mafuta likianguka mbele yenu, shuka na watoto mwende mbali, upande ambao upepo hauwaletei harufu ya petroli. Tarehe 31 Januari 2009 pale Sachangwan, zaidi ya watu mia moja walikufa kwa moto, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota mafuta.

Sasa tuje kwenye baridi na joto. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Mau Summit umezidi mita 2,500, na alfajiri pale meno hugongana. Saa tatu baadaye uko Ahero, chini ya mita 1,200, jua limewaka na mtoto bado amevaa sweta mbili, kofia ya sufu na blanketi, uso mwekundu, analia, na mama anafikiri ana njaa. Mvalishe nguo nyepesi kadhaa ambazo unaweza kuzivua moja moja. Mguse shingoni kwa nyuma. Kama pana jasho, punguza nguo. Na mkisimama kula, shuka na mtoto, hata kama amelala. Gari lililofungwa madirisha juani hugeuka tanuri kwa dakika chache.

Gari likiharibika usiku mahali pa baridi kama Timboroa, watu hutafuta joto kwa njia yoyote. Tafadhali, jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa kidogo, husikia usingizi, halafu haamki. Ndiyo hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko ndani ya nyumba. Mtu akifungua dirisha kidogo hudhani amejikinga, na sivyo. Msiache injini ikinguruma usiku kucha huku mmelala ndani, maana moshi wa ekzosi una sumu hiyo hiyo. Jifunikeni blanketi na mkae karibu karibu. Mtoto mchanga mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya leso. Joto la mwili wa mama linatosha.

Chakula nacho kina mambo yake. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu. Hata kukiwa na joto la Ahero hahitaji maji, kwa maana maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Nyanya akikupokea na kijiko cha maji ya sukari, mshukuru, halafu umnyonyeshe mtoto mbele yake. Ataelewa.

Aliyeanza kula, mbebee chakula kikavu kisichoharibika upesi: viazi au nduma zilizochemshwa, chapati, ndizi ambayo utaimenya wewe mwenyewe kwa mikono safi. Mama wengi hutia maziwa ya moto kwenye chupa ya chai na kumpa mtoto kidogo kidogo hadi jioni. Hapo ndipo kuhara kunaanza. Maziwa yakipoa yakawa vuguvugu, vijidudu huzaana ndani yake kwa kasi. Ni afadhali ubebe maji yaliyochemshwa na maziwa ya pakiti ambayo utafungua wakati wa kunywa, na yatakayobaki baada ya saa mbili uyamwage. Mahindi ya kuchoma yanayopitishwa dirishani si mabaya yakiwa moto. Matunda yaliyokwisha kukatwa ndiyo siyaamini, kwa sababu hujui kisu kilioshwa wapi. Beba kipande cha sabuni na chupa ya maji ya kunawa, tofauti na ile ya kunywa.

Mtoto akihara njiani, mpe ORS. Nunua pakiti mbili tatu kabla ya kuondoka, pamoja na vidonge vya zinki. Soma pakiti kwanza, maana nyingine huchanganywa na nusu lita na nyingine na lita moja. Ukikosea maji, dawa inakuwa kali mno au hafifu mno. Aliye chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, na mkubwa zaidi mpe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Macho yakiingia ndani, akawa mlegevu au hawezi kunywa, msingoje mfike nyumbani. Shukeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Wale wanaotapika kwa sababu ya kona, wape chakula kidogo kabla ya safari, wakae karibu na dirisha na waangalie mbele, wasiangalie simu. Lakini kuna mama wanaompa mtoto Piriton ili alale hadi Kisumu. Mama, hiyo si dawa ya safari. Kwa mtoto mdogo inaweza kumlemea hadi kupumua kuwe kwa shida, na wewe utafikiri amelala vizuri.

Dawa za kila siku zisifungwe kwenye sanduku lililo juu ya keria. Za pumu, kifafa, selimundu, sukari, kifua kikuu, au dawa za kupunguza makali ya virusi, zote zikae kwenye mkoba ulio kwapani mwako, za kutosha siku za safari na wiki moja zaidi. Kama unaogopa mama mkwe ataona mkebe, zungumza na kliniki yako mapema kuhusu namna ya kuzibeba. Usiziache Nakuru kwa sababu ya macho ya watu. Beba pia kitabu cha kliniki cha mtoto na kitambulisho chako. Kama hujajisajili na SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jisajili kabla ya kuondoka.

Sasa nifike kwenye ule ugonjwa niliosema. Ni malaria.

Utasema malaria tunaijua. Hapa Nakuru, kwa kweli, wengi wetu hatuijui. Kijidudu cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Katika baridi yetu mbu mara nyingi hufa kabla kijidudu hakijawa tayari. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Bahati, Njoro au Molo anaweza kufika darasa la tatu bila kuumwa na malaria hata mara moja. Binamu yake wa Siaya ameumwa mara nyingi, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Wawili hawa wakilala kwenye mkeka mmoja usiku wa Krismasi na kuumwa na mbu yule yule, yule wa Siaya anaweza kupata homa ndogo, na wako akalazwa akiwa na degedege. Hata baba yao aliyekulia huko, akikaa Nakuru miaka mingi ile kinga hupungua. Akisema malaria haimwezi, anazungumzia mwili wa zamani.

Kuna chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, ikaenea katika kaunti za ziwa na magharibi. Mtoto aliyechanjwa Nakuru kwa kawaida hakuipata. Wala hatari si ya magharibi peke yake. Ukiteremka Marigat au Kampi ya Samaki kule Baringo, safari ya saa mbili tu, umeingia kwenye joto na mbu.

Kwa hiyo neti iliyotiwa dawa iwe ya kwanza kuingia kwenye mfuko, kabla ya nguo za Krismasi. Usitegemee za wenyeji. Nyumba imejaa wageni na neti ni zile zile. Watoto wakilazwa sebuleni, funga kamba kwenye pembe nne za neti, uzikaze kwenye viti au misumari, halafu uikunje chini ya mkeka pande zote. Mbu wa malaria huuma tangu jioni hadi alfajiri, kwa hiyo wakati watu wazima wanakesha nje wakipiga hadithi, watoto wawe tayari ndani ya neti. Kuna pia dawa za kumeza za kuzuia malaria kwa wageni wanaokwenda sehemu hizo. Uliza kituo chako cha afya wiki kadhaa kabla ya safari, maana si kila dawa inafaa kila umri. Mama mjamzito aulize mapema zaidi, kwa sababu malaria inaweza kuharibu mimba, kumpunguzia mama damu na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Sasa sikiliza hesabu hii. Mbu akimuuma mtoto usiku wa tarehe 24 Disemba, homa haiji kesho yake. Huchukua angalau siku 7, na mara nyingi siku 10 hadi 15. Kufikia hapo ni Januari, mko Nakuru, mmenunua yunifomu na shule imefunguliwa. Mtoto anapata homa na kuumwa kichwa, pengine anatapika. Mama anasema ni baridi ya Nakuru. Mwalimu anasema ni mafua. Na muuguzi, akiwa na foleni ya watoto thelathini wenye vikohozi, anaweza kufikiria nimonia au homa ya kawaida kwanza, kwa sababu ndiyo magonjwa ya hapa. Kila Januari kliniki huwaona watoto wa namna hii, wengine wakiwa wamekwisha kumeza dawa za dukani siku tatu au nne.

Maneno yatakayomsaidia mtoto ni machache: "Tulikuwa Busia Krismasi." Yaseme unapoingia chumba cha daktari, hata kama hujaulizwa. Andika kwenye kitabu cha kliniki mahali mlipokwenda na tarehe mliyorudi. Homa yoyote ndani ya miezi miwili baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo ni tone la damu ya kidole na jibu hutoka kwa dakika kama ishirini. Likiwa hapana lakini homa inaendelea, rudi apimwe tena. Likiwa ndiyo, dawa ya AL humezwa kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa, na humalizwa yote hata kama mtoto amerudi kucheza siku ya pili. Akiitapika ndani ya nusu saa, arudiwe kipimo hicho, na ukipungukiwa na vidonge rudi kliniki uongezewe.

Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akilegea au asiamke vizuri, nenda hospitali wakati huo huo, iwe ni saa nane za usiku. Gonga kwa jirani mwenye gari, au piga 999 au 112.

Tukutane juma lijalo wakati kama huu, tutazungumzia minyoo.